Sijacheza Divisheni ya Kwanza: naweza kuwa kocha wa besiboli wa chuo Marekani?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 22, naishi Ohio. Familia yetu ilitoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, nikiwa na miaka 10, na sasa nina uraia wa Marekani. Besiboli nilianzia shuleni huku huku, nacheza nafasi ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira ya mrushaji. Nilimaliza chuo cha miaka miwili, sasa niko chuo kidogo cha Divisheni ya Tatu, ya chini kati ya ngazi tatu za michezo ya vyuo, na nimebakiza mwaka mmoja. Msimu huu nimeumia kiwiko, na daktari wa timu anasema huenda nisirudi uwanjani. Nataka kuwa kocha wa chuo. Rafiki yangu ananishauri nikimaliza nikajitolee chuo kikubwa bila mshahara, eti ndiko mlango uliko. Kocha mmoja aliniambia asiyewahi kucheza kwa kulipwa hasikilizwi na wachezaji. Baba naye anauliza kama hiyo ni kazi ya mtu kuolea. Niambie ukweli, nina nafasi? Na nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana kwa kiwiko. Nafasi unayo. Ila njia uliyoelekezwa na rafiki yako imeshafungwa, na swali la mzee wako ni zito kuliko la kocha yule aliyekutisha. Nianze na la kocha, maana ni jepesi.

Mtazame Tony Vitello. Alichezea Chuo Kikuu cha Missouri, hakuwahi kucheza kwa kulipwa. Akaanza kama kocha msaidizi hapo hapo Missouri, akaenda chuo cha TCU kule Texas, kisha Arkansas, jumla karibu miaka 14 ya kuwa msaidizi kabla Tennessee hawajamkabidhi timu mwaka 2017. Mwaka 2024 aliwapa ubingwa wa vyuo kule Omaha, na Oktoba 2025 San Francisco Giants wa ligi kuu ya kulipwa wakamchukua moja kwa moja kutoka chuoni awe kocha wao mkuu. Kinachomfanya kijana wa miaka 19 akusikilize ni kama ulichomwambia Jumanne kimemsaidia Ijumaa. Akiona matokeo, hatauliza ulicheza wapi.

Zaidi ya hapo, wewe ni mdakaji. Mdakaji ndiye pekee anayekaa mchezo mzima akiutazama uwanja wote kwa mbele, anayejua mrushaji wake amechoka kabla benchi halijajua, na anayelazimika kukumbuka mpigaji huyu alifanywa nini mara iliyopita. Ndiyo maana makocha wengi wametokea nafasi hiyo. Mtaji unao.

Sasa suala la kujitolea. Ushauri wa rafiki yako ulikuwa sahihi hadi miaka michache iliyopita. Kila timu ya Divisheni ya Kwanza iliruhusiwa kocha mkuu, wasaidizi wawili wa kulipwa na mmoja wa kujitolea, na huyo wa kujitolea aliishi kwa pesa za kambi za mafunzo ya watoto. Tarehe 1 Julai 2023 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, iliifuta nafasi hiyo, na sasa benchi la ufundi lina makocha wanne ambao wote wanaweza kulipwa. Kwa waliokuwa ndani hiyo ni heri. Kwa kijana anayeanza maana yake ni kwamba kiti alichokuwa anakalia asiye na jina sasa kinagombewa na watu wenye uzoefu wa miaka mitano au kumi.

Piga hesabu uone. Vyuo vya Divisheni ya Kwanza vyenye besiboli ni karibu 300. Mara wanne, ni viti 1,200 hivi kwa nchi nzima, na kocha mkuu huwa anajaza vyake kwa watu anaowajua. Akihama, anahama nao. Kibarua chake kikiota nyasi, vya wasaidizi wote navyo vimeota, kwa kuwa kocha mpya anakuja na watu wake. Kwa hiyo mlango haufunguliwi kwa kusimama nje ya chuo kikubwa. Unafunguliwa na mtu aliyewahi kufanya kazi na wewe mahali padogo, akapanda, akakukumbuka.

Ndiyo sababu nakuambia kazi ya kwanza uichague kwa majukumu utakayopewa, na jina la chuo liwe la mwisho kabisa. Kwenye chuo kikubwa mgeni anapewa kuandaa mipira, kupakua video na kuendesha mashine. Kwenye chuo cha Divisheni ya Tatu, cha NAIA (chama kingine cha michezo, cha vyuo vidogo) au cha miaka miwili, ambako benchi ni kocha mkuu na msaidizi mmoja au wawili, mgeni huyo huyo atakabidhiwa wadakaji wote, kusimama besi ya kwanza kuwaelekeza wakimbiaji siku ya mchezo, na jimbo zima la kusaka wachezaji. Baada ya miaka miwili wa kwanza ana picha nzuri na fulana. Wa pili anaweza kukutajia vijana sita aliowasajili mwenyewe na kile walichofanya.

Na usajili ndio kazi yenyewe. Hapa ndipo vijana wengi hudanganyika, wanadhani kocha wa chuo anashinda uwanjani akifundisha. Msimu wa michezo wa Divisheni ya Kwanza unaanza katikati ya Februari na una michezo isiyozidi 56. Divisheni ya Tatu ni 40. Msimu ukiendelea, sheria za NCAA zinambana mchezaji wa Divisheni ya Kwanza asifanye zaidi ya saa 20 kwa wiki na apumzishwe siku moja. Saa zilizobaki za kocha ni simu, ujumbe, gari na viti vya plastiki nyuma ya wavu wa uwanja wa shule fulani. Julai msaidizi anaweza kuwa Georgia kwenye mashindano ya vijana, jua kali, viwanja kadhaa vikichezwa kwa pamoja, akiwa na saa ya kupimia sekunde mkono mmoja na rada ya kupima kasi ya mpira mkono mwingine.

Nikupe mfano wa nafasi yako. Mdakaji hupimwa kwa sekunde zinazopita tangu mpira ugonge glavu yake hadi ugonge glavu ya mwenzake aliye besi ya pili, umbali wa karibu mita 39. Sekunde 2.0 kwa kijana wa sekondari ni nzuri. Akishuka kuelekea 1.9 vyuo vikubwa vinaanza kuulizia. Akiwa 2.2 atatafuta chuo kidogo au atabadilishiwa nafasi. Kosa la msaidizi mpya ni kuandika muda bora aliouona kwenye maonyesho ya vipaji, ambako hakuna mpigaji aliyesimama mbele wala mkimbiaji anayeiba besi, na kijana ameshajua mpira utakuja wapi. Pima kwenye mchezo wenyewe. Andika mirusho yote, iliyopotea pia, kisha tazama miguu, kwa sababu muda mbaya mara nyingi unatokana na miguu iliyochelewa kujipanga wakati mkono uko sawa. Mwenye miguu ya kufundishika anaweza kupunguza sehemu mbili za kumi kwa msimu mmoja, naye ndiye anayepatikana bila kugombewa na watu kumi.

Baada ya kumwona, kuna kanuni. Kocha wa Divisheni ya Kwanza haruhusiwi kuzungumza na kijana habari za usajili kabla ya tarehe 1 Agosti ya kuingia mwaka wake wa tatu wa sekondari, na kila mwaka lazima afaulu mtihani wa kanuni za usajili kabla ya kutoka nje ya chuo kusaka wachezaji. Kisha kuna pesa, na hapa mambo yamegeuka juzi tu. Hadi msimu wa 2025 timu nzima ya Divisheni ya Kwanza ilikuwa na ufadhili wa masomo 11.7 (mmoja ni wa kumlipia mchezaji mmoja kila kitu), ukikatwa vipande vipande kwa wachezaji zaidi ya 20, hivyo wengi walilipiwa robo au theluthi ya ada. Tangu makubaliano ya kesi ya House, ambayo wanamichezo wa vyuo waliishtaki NCAA, yalipoidhinishwa na mahakama Juni 2025, vyuo vilivyojiunga nayo havibanwi tena na 11.7. Vinabanwa na idadi ya wachezaji 34, na chuo chenye uwezo kinaweza kuwalipia wote. Divisheni ya Pili imebaki na ufadhili 9, NAIA 12, na Divisheni ya Tatu haitoi ufadhili wa michezo hata mmoja.

Hayo yanakuhusu wewe wa ngazi ya chini moja kwa moja. Timu iliyokuwa na wachezaji 40 ikilazimika kubaki na 34, wale sita hawaachi besiboli. Wanaingia kwenye orodha ya wanaohama, wanashuka ngazi, na kule wanakoshuka wanamsukuma kijana wa sekondari ashuke zaidi. Msaidizi wa chuo kidogo anayeamka alfajiri mwezi Juni kuipitia orodha hiyo, akajua nani anatoka mji wa karibu na nani aliachwa kwa sababu ya idadi tu, ataleta mchezaji ambaye miaka mitano iliyopita asingemgusa.

Kwenye vyuo vidogo vya binafsi kuna jambo jingine ambalo halisemwi kwenye tangazo la kazi. Chuo kinaishi kwa ada, na kikosi cha wachezaji 45 ni wanafunzi 45 wanaolipa. Kocha hupewa idadi ya kuleta kila mwaka, na ofisi ya udahili inamhesabia. Ukifanyiwa usaili chuo cha namna hiyo, uliza waziwazi: idadi inayotakiwa ni ngapi, na walioingia miaka miwili iliyopita wangapi bado wapo? Wakikuambia waliingia 20 wakabaki 7, utatumia miaka yako kuziba pipa lililotoboka.

Usidhani ngazi hiyo ni kituo cha kupita tu. Hapo hapo Ohio, Don Schaly aliifundisha timu ya Marietta, chuo cha Divisheni ya Tatu, kuanzia 1964 hadi 2003, akatwaa ubingwa wa taifa mara tatu. Mtu anaweza kujenga maisha yake yote ya kazi pale.

Tuje kwa uwanja, maana hata ukisajili vizuri lazima ujue kuendesha mazoezi, na ndipo kocha kijana anapoaibika mapema. Kosa kubwa ni foleni. Una wapigaji 16. Ukimweka mmoja mmoja apige dakika 4 huku wengine wakisimama nyuma kuokota mipira, umekula dakika 64 na kila mtu amefanya kazi dakika 4. Wagawe makundi manne ya watu wanne, weka vituo vinne: mmoja wa kupiga uwanjani, mmoja ndani ya nyavu kwa mipira ya kurushiwa karibu, mmoja wa mpira uliowekwa juu ya kigingi, mmoja wa kukimbia besi wakisoma mpira unavyotoka kwenye gongo. Dakika 12 kila kituo, jumla 48, na hakuna aliyesimama. Andika mpango huo kwa dakika kwenye kadi, ubandike chumba cha kubadilishia nguo saa moja kabla. Wachezaji wakishaona umewaheshimu muda wao, sauti yako haina haja ya kupanda.

Mipira ya chini kwa walinzi nayo ina mpangilio wake. Makocha wawili hupiga kwa zamu, mmoja upande wa besi ya tatu, mwingine upande wa pili. Wa pili hapigi mpaka mpira wa kwanza uwe umefika salama kwa aliyesimama besi ya kwanza, la sivyo mtu anapigwa akiwa ameangalia kwingine. Jifunze kuupiga mpira kwa gongo lile refu jembamba la makocha mpaka uweze kuutua pale unapotaka, kushoto kwa mlinzi, kulia kwake, wa kudunda mara mbili, wa juu kwa mdakaji. Huo wa mwisho ndio mgumu kuliko yote na wasaidizi wengi hawauwezi. Anza nao.

Sasa mwaka wako uliobaki. Kabla msimu haujaisha, nenda kwa kocha wako mkuu, mwombe akufanye msaidizi mwanafunzi. Usiende mikono mitupu. Kuanzia mchezo ujao kaa na kadi, andika kila mpira wa warushaji wenu: hesabu ya mipira halali na isiyo halali ilikuwaje, aina ya mpira, ulitua wapi, nini kilitokea. Jumapili jioni toa ukurasa mmoja tu wenye mambo matatu kwa kila mrushaji: mara ngapi mpira wake wa kwanza kwa mpigaji ulikuwa halali, mara ngapi mpigaji wa kwanza wa zamu alifika besi, na mpira gani hupigwa sana hesabu ikiwa dhidi yake. Mpe kocha wa warushaji. Fanya hivyo wiki sita bila kuambiwa. Kocha anayepokea karatasi hiyo kila Jumatatu ndiye atakayekuombea kazi kwa wenzake.

Kiangazi kati ya Juni na Agosti kuna ligi za wanafunzi wa vyuo. Cape Cod ya Massachusetts ndiyo yenye jina, lakini Northwoods ya majimbo ya kaskazini na nyingine nyingi ndogo huhitaji wasaidizi kila mwaka. Posho ni ndogo, malazi mara nyingi ni kwa familia wenyeji. Faida yake ni kwamba unafundisha vijana wa vyuo 20 tofauti, na makocha wao wote wanapiga simu kuuliza hali za watu wao. Wewe ndiye unayejibu.

Ukishapata shahada, tafuta nafasi ya msaidizi anayesoma shahada ya uzamili, hasa Divisheni ya Pili na NAIA. Chuo hulipia ada yote au sehemu, na hukupa posho kwa miaka miwili. Soma masharti: chakula kimo? bima ya afya imo? ada inayolipiwa ni ya masomo tu au na michango? Nafasi nyingi hutangazwa kati ya mwisho wa Mei na Julai, timu zinapomaliza msimu na makocha wanapohama. Mapema Januari chama cha makocha, ABCA, hufanya mkutano wake mkuu, na kwenye korido zake kazi nyingi huzungumzwa kabla hazijatangazwa. Na jifunze Kihispania kwa bidii. Vyuo vya miaka miwili vimejaa vijana kutoka Jamhuri ya Dominika, Puerto Rico na Venezuela, na mdakaji mwenye lugha tatu ni mtu wa kutafutwa.

Hili nalo nikwambie bila kuzunguka. Ukiacha vyuo vya kihistoria vya Weusi, makocha wakuu Weusi wa besiboli ya Divisheni ya Kwanza ni wachache mno. Vyuo hivyo vya kihistoria vina mabenchi yenye kazi nzito na bajeti nyembamba, na vimetoa makocha wakubwa: Roger Cador aliiongoza Southern University ya Louisiana kuanzia 1985 hadi 2017, na mwaka 1987 timu yake ikawa ya kwanza kutoka vyuo hivyo kushinda mchezo kwenye mashindano ya NCAA. Waandikie nao.

Sasa la mzee wako. Ana haki ya kuuliza, na usimjibu kwa kumtajia makocha wanaolipwa zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka. Wapo, ni wa vyuo vichache. Mjibu kwa picha halisi: miaka miwili ya posho na masomo, kisha huenda miaka mitatu hadi sita ya mshahara mdogo wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, wakati mwingine wa miezi 10, ukiongezea kipato kwa kambi za watoto na mafunzo ya mtu mmoja mmoja. Utahama, pengine mara tatu, na mwenzako wa ndoa naye atahama kila mara, kwa hiyo mweleze mapema kabla ya mahari. Mwonyeshe baba pia mlango wa pili: ukiwa na cheti cha ualimu, unaweza kufundisha sekondari na kuwa kocha hapo, ukapata mshahara, bima na pensheni, na kurudi vyuoni ukitaka. Huko si kushindwa. Mimi ningekushauri ukifika miaka 30 ukae na familia mpime tena, mkiwa na namba mezani.

Kiwiko usikiache kwa sababu tu huchezi. Kocha msaidizi hurusha mipira mingi sana ya mazoezi kwa wapigaji, karibu kila siku, akiwa nyuma ya wavu wa kinga. Maneno ya daktari wa timu hayatoshi kwa uamuzi huu. Mwone daktari bingwa wa mifupa na viungo, upigwe picha, umuulize swali hili hili: nitaweza kurusha mipira 200 laini kwa siku? Ukihisi ganzi kwenye kidole cha mwisho na cha pete, au mkono haunyooki, usisubiri msimu uishe. Na kabla hujasaini lolote la kuacha kucheza, pita ofisi ya kanuni ya idara ya michezo chuoni kwako wakueleze unapoteza haki gani.

Kwa wasomaji wengine wenye visa ya mwanafunzi: msijitolee kwenye nafasi ambayo kwa kawaida hulipwa mkidhani kutolipwa kunawalinda. Inaweza kuhesabiwa kuwa kazi bila kibali. Onaneni kwanza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na mwanasheria wa uhamiaji ikibidi.

Ukiandika barua pepe ya kuomba kazi, mwandikie kocha mkuu kwa jina lake, mistari isiyozidi 10: wewe ni nani, umewafanyia kazi akina nani, kitu kimoja unachoweza kumfanyia tangu wiki ya kwanza, na simu za watu watatu watakaopokea. Ambatanisha ule ukurasa wa warushaji, ukiwa umefuta majina. Usipojibiwa kwa siku kumi, piga simu ofisini asubuhi, kabla ya saa nne, maana mchana atakuwa uwanjani.